Nani Atangulie Kunawa

Usiku wa jana niliota niko ndani ya kompyuta, nimekaa juu ya mkeka, na feni yake inanipuliza mgongoni.

Sikushangaa. Nilikuwa nimelala kichwa kikiwa juu yake, na ukikilalia kitu kwa hasira kiasi kile, lazima kitakufungulia mlango.

Kwanza mjue kilichonilaza pale. Leo mjukuu wangu Tausi anaolewa, na karamu ni hapa hapa uani kwangu, Tanga. Mtaani kwetu mwanamume hanawi mikono kabla ya mkubwa wake kunawa. Ni desturi nzuri, ila ina udhia mmoja: watu wakianza kupeana heshima, chakula kinapoa. Kwenye harusi iliyopita birika lilizunguka uani kwa "tangulia wewe", "haiwezekani, tangulia wewe", mpaka pilau ikaliwa imeganda mafuta.

Mimi tangu nistaafu ufundi wa mitambo ya mkonge najifundisha kuandika programu, kwa kompyuta ya zamani ya Tausi na video za kwenye simu. Nikatangaza kwamba nitaandika programu ya kuwaita wageni kunawa, mkubwa kwanza, mdogo nyuma, pasiwe na ubishi. Kila mwanamume ana mstari wake: jina lake, na jina la mkubwa wake anayemfuata. Kanuni ni moja tu. Nawa mkubwa wako akishanawa. Kama huna mkubwa, anza.

Mzee Mwinjuma alicheka mpaka akavua miwani.

Mwinjuma ni rafiki yangu wa kuzaliwa, karani mstaafu wa kupiga chapa. Tumezaliwa msimu mmoja, uchochoro mmoja, nyumba zinatazamana, na mama zetu wote wawili wamekwenda kaburini kila mmoja akishikilia kuwa wa kwake ndiye aliyelia kwanza. Wazee waliokuwa juu yetu wameshaondoka, tumebaki sisi wawili kileleni. Na tangu tupate akili, hakuna aliyewahi kumpa mwenzake shikamoo.

"Mbaruku," aliniambia mbele ya watu, "hiyo mashine yako ikiweza kuwanawisha wageni, nitakupa shikamoo uani kwako, watu wakisikia. Ikishindwa, utanipa wewe. Tena kwa sauti."

"Kwa sauti," nikasema.

Jana alasiri nikamaliza kuingiza majina. Kabla sijaiwasha, Mwinjuma akaja kuhakikisha kwamba jina lake halikukosewa. Nikamwacha nayo kidogo nikamfunge beberu wa karamu, aliyekuwa amekata kamba. Niliporudi nilimkuta ametulia, mikono mapajani, adabu tupu. Magharibi nikaiwasha programu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kikatokea kidirisha chekundu chenye Kiingereza kirefu. Nikakifunga. Nikaiwasha tena. Kiduara, kidirisha, nikafunga. Ikawa hivyo mpaka usingizi ukanichukua, na la mwisho nililowaza ni jinsi nitakavyolitamka neno "shikamoo" bila kutapika.

Basi nimo ndani ya kompyuta.

Ndani ni uani kwangu. Turubai limefungwa, masinia yamepangwa, na wageni wote wamekaa wameinua mkono wa kulia hewani wakingoja maji. Turubai halina mwisho. Katikati ipo sufuria ya pilau, imejifunika mfuniko wake kama mtu mwenye homa.

"Mbaruku," inaniambia pilau, "mimi napoa."

"Naona."

"Sikutishi, nakuarifu. Nikipoa kabisa naondoka. Mtaa wa pili kuna matanga, wale hawachagui."

Nawageukia wageni. "Jamani, naweni."

Wananitazama kwa huruma. Shemeji yangu Chande, aliyekaa sinia la karibu, ananijibu kwa niaba yao. "Mkubwa wangu hajanawa, shemeji."

"Mkubwa wako ni nani?"

"Huyu hapa."

"Na wewe je?"

"Mimi namngoja yule," anasema huyu hapa.

"Na yule?"

Yule anamwonyesha yule wa kule. Mikono yote iliyoinuliwa inalala upande mmoja kama mkonge wenye upepo, ikielekeza mwisho wa turubai, na mwisho wa turubai hauonekani.

Mimi ni fundi, siwezi kukaa bure. Nafanya lile linalofanywa na kila fundi asiyejua afanye nini: naipiga kompyuta kofi. Kwa kuwa nimo ndani yake, kofi linanipata mimi.

Nabadilisha rangi. Kanzu zote zinakuwa za manjano.

"Wamependeza," inasema pilau. "Wana njaa vilevile."

Nazima, nawasha. Wageni wote wanasimama, wanavaa viatu, wanaaga, wanatoka nje ya geti. Kisha wanabisha hodi, wanaingia, wanavua viatu, wanakaa, wanainua mikono.

"Umefanya nini hapo?" inauliza pilau.

"Nimezima nikawasha."

"Wamerudi walewale."

Ndipo nakiona kijibwana kimoja kimesimama kwenye kona ya turubai, kimevaa koti jekundu lililokibana kwapani. Kimeinua mkono kama wengine, ila chake ni mkono wa mtu anayetaka kusema.

"Wewe nani?"

"Naitwa Kosa, mzee. Nimeinua mkono tangu magharibi."

"Mbona husemi?"

"Nimesema kila mara. Nikifungua mdomo tu, unanifungia mlango usoni."

Nakikumbuka kile kidirisha chekundu. Uso unanichoma. "Ulikuwa unasema Kiingereza," najitetea.

"Nilikuwa nasema polepole," anasema Kosa. "Hata neno moja ungelisoma, lingetosha. Mimi watu wananiona kama mgomvi, kumbe ni mtu pekee humu ndani ninayewatakia mema."

Namvutia kibao. Namtilia chai. Namwomba radhi, naye anainywa akiitazama kama mtu ambaye hajawahi kupewa kitu.

"Sasa sema, mwanangu."

"Mnazunguka," anasema Kosa. "Nilimfuata wa kwanza, akanipeleka kwa mkubwa wake, huyo kwa mkubwa wake, juu, juu, juu, halafu nikaanza kupita mahali nilipokwisha kupita. Nikazunguka mpaka nikaishiwa pumzi nikaanguka. Hayo tu."

"Mahali gani?"

"Kizunguzungu, mzee. Sikuangalia."

Hapo uani si uani tena. Ni nyuma ya jiko la marehemu mama, na mbele yangu kuna kinu chake cha kutwangia, kizee, kimepasuka mdomo.

"Nieleze," kinasema kinu.

"Wewe hujui programu."

"Ndiyo maana nieleze."

Naanza kwa majivuno. Nakiambia habari ya majina, ya mistari, ya kanuni.

"Halafu?"

"Halafu mdogo anamngoja mkubwa."

"Halafu?"

"Halafu mkubwa naye anamngoja mkubwa wake."

"Halafu?"

Kinu hakijui neno jingine. Ila kila kikisema "halafu" najikuta nimebanwa kueleza jambo ambalo nilidhani nalijua. Mwisho nafika juu kabisa. "Halafu yupo asiye na mkubwa. Huyo anaanza."

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Akianza yeye, wote wananawa."

Hapo najisikia mwenyewe. Kama hakuna aliyenawa, basi asiye na mkubwa hayupo. Nilimweka kwa mkono wangu. Kuna mtu amemwondoa.

"Mtafute," inasema pilau. Imenifuata mpaka jikoni, inaburuza sufuria yake. "Moshi wangu wa mwisho ndio huu."

"Wageni wote wale? Nimwulize mmoja mmoja?"

Kosa anakuja amebeba fenesi. Ni kubwa kuliko yeye, miguu inamtetemeka. Analitua mbele yangu.

"Hili ndilo tatizo lako, mzee. Usilimeze zima."

Fenesi linanitazama kwa miiba yake yote. "Wengi wamejaribu," linasema.

Nachukua kisu nalipasua katikati. Ndani ya kila kokwa amekaa mgeni, kwenye sinia lake, mkono juu. Nasogeza nusu moja mbali na nyingine. Nusu ya kushoto inatazamana, haioni tena wa kumngoja, na aliyebaki juu yao anainuka, ananawa. Wa pili yake ananawa. Wote wananawa, wanaanza kula nyama ya fenesi wakidhani ni pilau.

"Hawa wazima," anasema Kosa.

Nusu ya kulia kimya. Mikono juu.

Naipasua hiyo. Robo moja inanawa, moja kimya. Naipasua ile iliyo kimya. Sasa naona raha. Naikumbuka mitambo yangu ya mkonge, mkanda unapopiga kelele na hujui ni upi, unazima wote unawasha kidogo kidogo. Miaka yote ile nilikuwa napasua fenesi bila kujua. Kila nikikata, tatizo linapungua na mimi naongezeka. Turubai lililokuwa halina mwisho limekuwa na mwisho, kisha limekuwa mwamvuli, kisha limekuwa kofia.

Jambo moja nililosahau ni kupaka mafuta mikononi. Ulimbo wa fenesi umenishika vidole vyote.

Linabaki kokwa moja. Nalifungua.

Ndani wamo wazee wawili wamesimama mbele ya beseni la maji, kila mmoja amemkamata mwenzake mkono wa nguo. Mmoja ni Mwinjuma. Wa pili ni mimi.

Nikajisalimia. Sikujibu, nilikuwa na shughuli.

Mara mimi ninayetazama na mimi ninayetazamwa tunakuwa mtu mmoja, nimevaa shati langu la kulalia, nimeng'ang'ania kanzu ya Mwinjuma, naye ameng'ang'ania shati langu, na ulimbo umetugandisha.

"Niachie ninawe," namwambia.

"Niachie wewe."

"Mimi ni mkubwa wako."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye mstari wako. Nimeandika mwenyewe."

"Nimeuona. Hebu soma na wako."

Nasoma. Kwenye mstari wangu, pale nilipoandika mkubwa wa Mbaruku hakuna, sasa pameandikwa mkubwa wa Mbaruku ni Mwinjuma. Herufi zimenyooka, nafasi zimelingana, kazi ya mtu aliyepiga chapa maisha yake yote.

"Umeugusa lini?"

"Ulipokwenda kufunga beberu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeniharibia."

"Nimekurekebishia."

Kosa anakohoa kutoka juu ya beseni. "Samahani wazee wangu. Mimi ninachoona ni watu wawili, kila mmoja anamngoja mwenziwe. Nani kaharibu, hiyo si idara yangu."

Navamia vidole vya Mwinjuma. Nabandua kimoja, kingine kinaota. Nabandua hicho, kile cha kwanza kinarudi. Yeye naye ananibandua vyangu, na vyangu ni vikaidi kuliko vyake. Nyuma yetu mtaa mzima umeinua mikono. Pilau imeanza kuvaa viatu vyake.

"Halafu?" kinasema kinu. Sikujua kama nacho kimekuja.

"Halafu nabandua."

"Halafu?"

"Halafu kinaota tena."

"Halafu?"

"Halafu nabandua tena."

"Halafu?"

Naacha kubandua. Nimesikia nilichosema. Nilikuwa nimekuwa kile kiduara.

Nautazama mkono wake ulionishika. Huo hautii amri yangu, na haujawahi kutii tangu tukiwa watoto. Nautazama mkono wangu. Huo nauamuru.

"Pilau," naita. "Kabla hujaondoka, nimegee mafuta."

"Ya kazi gani?"

"Nimwachie Mwinjuma."

Pilau inavua kiatu kimoja. "Ukimwachia, atatangulia."

"Najua."

"Mtaa wote utaona."

"Najua."

"Utakuwa mdogo wake mpaka mnazikwa."

"Najua. Lakini wageni watakuwa wamenawa, na ahadi ni ahadi."

Pilau inanitazama kwa jicho jipya. Inafunua mfuniko, inanimwagia mafuta yake ya mwisho yenye harufu ya hiliki. Nasugua. Ulimbo unaachia kidole gumba, cha shahada, vyote. Nafungua mkono wangu.

Mwinjuma hakutegemea. Alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, na sasa hakuna kinachomshika. Hana wa kumngoja. Kanuni inamkamata kiunoni, inamrusha kinyumenyume kuelekea kwenye beseni, na kwa kuwa yeye hakuniachia, kifungo cha mkono wa shati langu kinakatika: tap.

Anatumbukiza mikono. Maji yanapiga kelele kama yaliyokuwa yamezuiliwa na ukuta.

Nami nanawa. Nyuma yangu ananawa Chande, nyuma ya Chande huyu hapa, kisha yule, kisha yule wa kule. Vipande vya fenesi vinajirudisha mahali pake, mwamvuli unakuwa turubai, na chini ya turubai mikono inashuka sinia baada ya sinia, kama mtu anayefunga pazia refu. Birika linakimbia lenyewe, halimwulizi mtu. Hakuna hata mmoja aliyesema tangulia wewe.

Pilau inavua kiatu cha pili, inafunua mfuniko, inatoa mvuke mpaka turubai linanyanyuka. "Nitabaki," inasema. "Matanga watapika ugali."

Upande wa wanawake vinapasuka vigelegele. Feni ya kompyuta inageuka tarumbeta. Mitambo yangu ya mkonge inaingia kwa mstari ikicheza, kila mmoja na mkanda wake kiunoni, ikiniita fundi, fundi. Inaninyanyua juu ya kinu, nacho kinanibeba kuzunguka uwanja kikisema "halafu, halafu, halafu", safari hii kwa mdundo. Hata Kosa amevua koti. Amekaa kwenye sinia la heshima, na watu wanamsogezea minofu.

Mwinjuma peke yake amesimama kwenye beseni, mikono inachuruzika. Anachekelea. Ametangulia, mtaa mzima umeona, mama yake angekuwepo angelia. Kisha naona kicheko kinamwishia taratibu, kuanzia macho kwenda chini. Amekumbuka ahadi.

Anafungua mdomo. Linatoka "Shi..."

Jogoo wa jirani ananiamsha.

Shavu limeganda juu ya kompyuta. Sikunawa uso. Niliufungua mstari wangu: mkubwa wa Mbaruku ni Mwinjuma, herufi zimenyooka, nafasi zimelingana. Nikauacha. Nikaenda kwenye mstari wa Mwinjuma, nikalifuta jina langu herufi moja moja, nikaandika hakuna.

Nikaiwasha. Kiduara hakikupata hata nafasi ya kuzunguka. Majina yakateremka kwenye kioo kama maji ya birika, la kwanza Mwinjuma, la pili Mbaruku, mpaka kwa mtoto wa mwisho wa Chande.

Nilipotoka uani na kompyuta yangu mikononi, wapishi walikuwa wanawasha kuni na wanawake wanapepeta mchele. Mwinjuma ameshafika, amekaa karibu na jungu, mkono mmoja amekunja ngumi. Nikamwekea kompyuta mapajani. Akavaa miwani, akasoma jina la kwanza, akatabasamu mpaka masikioni.

"Mashine ina akili hii," akawaambia wapishi. "Imejua nani mkubwa."

"Imejua," nikasema. "Na imefanya kazi."

Tabasamu likamwishia taratibu, kuanzia macho kwenda chini, kama nilivyokwisha kuliona. Upawa ukasimama ndani ya jungu. Nyungo zikanyamaza. Mwinjuma akainuka, akajiweka sawa kanzu, akatazama juu ya kichwa changu.

"Shikamoo, Mbaruku," akasema. Kwa sauti.

"Marahaba, kaka," nikamjibu, na hilo la kaka nililisema kwa moyo mmoja.

Vigelegele vikalia, ingawa bibi harusi alikuwa bado amelala. Mwinjuma akanipa mkono. Alipouondoa, kiganjani mwangu kulikuwa na kifungo cheupe, uzi wake bado unaning'inia.

"Usiniulize," akaninong'oneza. "Nimeamka nacho mkononi."

Nikatazama mkono wa shati langu. Ulikuwa wazi.

Mke wangu, Bi Fatu, akakichukua kile kifungo, akanishonea hapo hapo nimesimama. Alipoinama kukata uzi kwa meno, akasita, akanusa vidole vyangu. Akamvuta Mwinjuma, akamnusa na yeye.

"Nyie wazee," akasema, "fenesi mmelitoa wapi, na msimu wake bado?"